Kundi la simu la majirani, Mbeya: ya jana Mwanjelwa

Mama Tusa: Ugonile jamani. Nani alikuwa Mwanjelwa jana jioni? Nasikia kijana kanusurika kuchomwa moto.

Baba Anyisye: Nilikuwepo. Walipiga kelele "mwizi!", mara watu wamejaa, mmoja kaja na tairi. Mama muuza maparachichi akaingia katikati. Akamnyooshea kidole dereva wa bodaboda: "Wewe wa koti jekundu, piga 112!" Akamgeukia mzee mmoja: "Baba, toa hilo tairi hapa." Wote wakatii! Ndipo vijana wawili wa maduka ya simu wakaja kumkinga yule mtoto wa watu mpaka polisi wakafika.

Mama Tusa: Mungu ampe maisha marefu huyo mama. Ndaga fijo.

Mwalimu: Alichofanya ni kikubwa. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliweka wanafunzi kila mmoja chumba chake, wakasikia kwenye spika mwenzao kama kashikwa na kifafa. Waliodhani wanasikia peke yao, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanasikia, asilimia 31. Si roho mbaya, kila mtu anangoja mwenzake. Ukimtaja mtu kwa koti lake, hana wa kumngoja tena.

Bibi wa Kona: Kwa hiyo wengi hawana faida, mwanangu?

Mwalimu: Wana faida sana, bibi. Utafiti wa 2019 uliangalia kamera za mitaani Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ugomvi 219. Karibu mara tisa kati ya kumi alikuwepo angalau mmoja aliyeingilia. Na watu walipozidi, nafasi ya kusaidiwa iliongezeka.

Bibi wa Kona: Basi niseme. Kuna nyumba humu mtaani mama analia usiku. Wote tunasikia, asubuhi tunasalimiana tu.

Mjumbe: Shikamoo bibi. Usiitaje humu, asije akaumizwa zaidi. Tugawane sasa hivi. Mama Tusa, ukisikia, nenda na mwenzio mkagonge, ombeni hata chumvi. Baba Anyisye, unanipigia mimi, si kuandika kwenye kundi. Mwalimu, kesho mchana mke wako aongee naye faragha. Akikubali, tutamsindikiza Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.

Mama Tusa: Naenda na Mama Lugano, ukuta wetu ni mmoja.

Baba Anyisye: Sawa Mjumbe. Hata saa nane usiku?

Mjumbe: Hata saa nane. Simu sizimi.