Pumzi za Garimoshi: Gumzo la Ukoo wa Gerezani

Shangazi Tatu, saa 1:05 usiku
Assalaam alaykum, jamaa zangu. Kaka Rashidi amerudi Dar es Salaam salama tangu juzi, lakini hadi sasa kikundi kimepokea picha moja tu ya ukuta uliolowa mvua. Tunamwomba atuhadithie safari yake ya garimoshi, tena kwa kituo. Ninyi wengine mkumbuke kwamba humu tunaandika Kiswahili kamili. Anayetaka kuandika "xaxa" na "pw" aende kwenye vikundi vya rika lake.

Baba Mkubwa Rashidi, saa 1:14 usiku
Waalaykum salaam. Ukuta huo, dada yangu, ni ukingo wa daraja la Glenfinnan, na sababu ya picha kutoka hivyo nitaieleza, ingawa inanifedhehesha. Mtakumbuka kwamba binti yangu anasoma Glasgow, Uskoti, naye aliniahidi kuwa siku nitakapostaafu atanipandisha garimoshi la makaa ya mawe. Ahadi hiyo ameitimiza. Tulilala Fort William, mji mdogo ulio chini ya Ben Nevis, mlima ambao ndio mrefu kuliko yote Uingereza ingawa mita zake 1,345 zingemchekesha Mchaga yeyote, na asubuhi tukapanda treni iendayo Mallaig, bandari ya wavuvi iliyo mwisho wa reli upande wa magharibi. Kipande hicho cha reli kina kilometa 66 hivi na kilifunguliwa mwaka 1901.

Juma, saa 1:20 usiku
Shikamoo, Baba Mkubwa. Naomba kuuliza bila kukosa adabu. Nimetafuta habari za safari hiyo nikaona kwamba kilometa hizo 66 huchukua saa mbili, kisha abiria hurudi kulekule walikotoka. Sisi hapa tunapanda treni ya umeme Stesheni, inakimbia hadi kilometa 160 kwa saa, na mtu anafika Dodoma kabla hajamaliza korosho zake. Isitoshe, nimesoma kwamba treni za dizeli za kila siku hupita juu ya reli hiyohiyo kwa nauli nafuu zaidi. Mnalipia nini hasa?

Baba Mkubwa Rashidi, saa 1:38 usiku
Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la haki na hata jirani yangu wa kiti aliliuliza, maana yeye alikuwa amekuja kwa ajili ya daraja tu, kama walivyokuja watu wengi waliolijua kupitia sinema. Mimi nilikwenda kusikiliza. Treni ya umeme naipenda, na naipanda kila ninapokwenda Morogoro, lakini haikuonyeshi kazi inayoifanya: inanyamaza, inaondoka, basi. Garimoshi halina siri. Ukisimama kando yake unaona nguvu inakotoka, inakopita na inakopotelea.

Nilifika kituoni mapema kuliko abiria wote. Kichwa kilichotuvuta ni cha aina ambayo Waingereza huiita Black Five, iliyobuniwa na William Stanier. Vilijengwa 842 kati ya mwaka 1934 na 1951, na vilivyosalia leo ni 18 tu. Fayamani alikuwa ameinama mbele ya mlango wa tanuri. Nilitegemea kumwona akitupa makaa ovyo kama mtu anayejaza shimo, kumbe kila koleo lilikuwa na mahali pake: moja kona ya kushoto, moja kona ya kulia, moja mbele kabisa, na baada ya kila koleo aliinama kutazama rangi ya moto kabla ya kuchota lingine. Dereva naye alikuwa akizunguka na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu mwembamba, akigusa kila kiungo kwa mgongo wa mkono kuona kama kina joto, kama mama anavyompima mtoto homa. Harufu ni ya makaa, mafuta ya moto na mvuke, na hadi leo iko kwenye koti langu, nami nimekataa lisifuliwe.

Shangazi Tatu, saa 1:41 usiku
Koti hilo nimeliona na nimelinusa. Endelea.

Shemeji Ramadhani, saa 1:44 usiku
Shemeji, pole na safari. Fedheha ya daraja usiiruke.

Baba Mkubwa Rashidi, saa 2:02 usiku
Siiruki. Daraja la Glenfinnan lina matao 21 na lilijengwa kwa zege tupu, lisilo na nondo ndani, jambo lililokuwa la ujasiri mwishoni mwa karne ya 19. Mjenzi wake, Robert McAlpine, watu walimpa jina la utani la "Bob wa Zege". Kwa kuwa limejengwa kwa kupinda, aliyeketi nyuma upande wa kushoto anakiona kichwa cha treni yake mwenyewe kikivuka mbele yake, na hiyo ndiyo picha ambayo dunia nzima inaitafuta. Mimi nilikuwa nimechagua kiti cha kulia kwa ukaidi wangu. Tulipokaribia, behewa zima lilihamia kushoto kama ngalawa iliyopigwa na dhoruba. Nikanyanyua simu juu ya vichwa vya watu, na kilichoingia kwenye picha ni huo ukingo mnaouona. Kilichonifuta machozi ni kwamba treni ilisimama kituoni mara baada ya daraja, nikashuka kwenda mbele kukitazama kichwa kikivuta pumzi.

Kuna daraja jingine mbele yake, Loch nan Uamh, ambalo watu hawalipigi picha. Kwa miaka mingi wenyeji walisimulia kwamba wakati wa ujenzi farasi na mkokoteni wake walitumbukia ndani ya nguzo moja iliyokuwa wazi, wakafunikwa humohumo, na wengi walidhani ni nguzo ya Glenfinnan. Mwaka 2001 wataalamu waliipiga nguzo ya Loch nan Uamh kwa mitambo ya kuona ndani ya zege, wakawakuta, farasi na mkokoteni. Nilipopita juu yake nilimsomea Fatiha, kisha nikajiuliza kama farasi husomewa.

Shangazi Tatu, saa 2:05 usiku
Astaghfirullah, Rashidi.

Juma, saa 2:09 usiku
Bado hujanijibu kuhusu kusikiliza, Baba Mkubwa. Sauti ya garimoshi si ni "chuku-chuku" tu?

Baba Mkubwa Rashidi, saa 2:27 usiku
Hapo ndipo penyewe, mwanangu, na wewe uliyesomea mitambo utanielewa upesi. Mvuke kutoka kwenye boila unaingia ndani ya silinda, unaisukuma pistoni, na ukishamaliza kazi unatolewa kupitia bomba la moshi. Kila unapotoka unapiga pumzi moja, na unapotoka kwa kasi unavuta hewa kupitia tanurini, kwa hiyo kadiri kichwa kinavyofanya kazi ngumu ndivyo moto unavyopulizwa zaidi. Kinajivuvia chenyewe. Kichwa kama kile kina silinda 2, na kila silinda hupokea mvuke mbele na nyuma ya pistoni, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja unasikia pumzi 4. Magurudumu yake makubwa yana kipenyo cha mita 1.83, yaani kila mzunguko ni takriban mita 5.75 za reli. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa utahesabu pumzi karibu 4 kila sekunde. Zikipungua, ujue mlima umeanza kushinda. Mimi sikuhitaji kibao cha mwendo. Nilifumba macho nikahesabu.

Baada ya Loch nan Uamh reli inapanda kuelekea Beasdale kwa mwinuko wa 1 kwa 48, kumaanisha kwamba kila mita 48 za kwenda mbele unapanda mita 1, na kwa treni huo ni mlima hasa. Mvua ilikuwa ikinyesha na reli zilikuwa zimelowa. Nilisimama dirishani katika behewa la mbele kabisa, kichwa changu nje, jambo ambalo si la busara, na punje ya makaa ikaniingia jichoni. Sikuondoka. Pumzi zilianza kuachana, kila moja ikawa nzito kama mtu anayepasua kuni, mwangwi wake ukirudi kutoka ukuta wa mwamba kushoto. Nimerekodi dakika 4 kwa simu, nami nitazituma humu mtandao ukitulia.

Shemeji Ramadhani, saa 2:33 usiku
Haya mambo yananikumbusha marehemu baba mkwe, mtu wa reli. Swali langu ni hili: vichwa vilivyokuwa vikipita kwetu Singida navyo vilitoka hukohuko Uskoti?

Baba Mkubwa Rashidi, saa 2:46 usiku
Umenigusa mahali pake, shemeji. Mjini Glasgow kulikuwa na kiwanda cha North British, kilichofungwa mwaka 1962, na miaka ya katikati ya 1950 kilitengeneza vichwa vya kundi la namba 30 kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Vichwa hivyo vilipewa majina ya makabila yetu. Kimoja, namba 3020, kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na jina lake, shemeji, ni Nyaturu.

Shemeji Ramadhani, saa 2:47 usiku
Mnanyamaza miaka 20 katika ukoo huu bila kuniambia kwamba kuna kichwa cha treni chenye jina la watu wangu! Kesho nadai ng'ombe mmoja wa mahari arudishwe.

Juma, saa 2:55 usiku
Basi kwa nini sisi tusifufue kimoja hapa? Abiria wengi wa Morogoro na Dodoma wamehamia reli mpya, na ile ya zamani yenye upana wa mita moja, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, bado ipo. Watalii wangejaa.

Baba Mkubwa Rashidi, saa 3:12 usiku
Ningefurahi kuliko mtu yeyote, lakini nisikudanganye. Kichwa cha dizeli unakiwasha na kuondoka. Boila la mvuke linawashiwa moto saa nyingi kabla ya safari na kupashwa polepole, kwa sababu chuma kikipata joto upande mmoja haraka kuliko mwingine kinapanuka visivyo sawa na mabomba yanaanza kuvuja. Kule kwao, kila baada ya miaka isiyozidi 10 boila hufumuliwa lote na kukaguliwa upya, kazi inayokula fedha na muda. Tena linakunywa: tenda ya Black Five, yaani kile kibehewa cha akiba kilicho nyuma ya kichwa, hubeba tani 9 za makaa na takriban lita 18,000 za maji, na safari ndefu haiishi bila kujaza tena. Njiani kwetu ungehitaji matangi ya maji, nayo yamekwisha kuoza au kugeuzwa vyuma chakavu. Gumu kuliko hayo yote ni watu. Waingereza walistaafisha mvuke kwenye reli yao ya taifa Agosti 1968, lakini kulikuwa na maelfu waliojitolea Jumamosi zao kupiga brashi, kuchomelea na kujifunza kutoka kwa wazee kabla wazee hawajaondoka. Ndiyo maana mwaka 1984 mvuke uliweza kurudi kwenye njia ya Mallaig. Sisi wazee wetu wanaondoka na koleo zao.

Nairobi wamewahi kufanya hivyo. Kichwa chao namba 5918, cha aina ya Garati, kilifufuliwa na kuvuta safari za burudani. Nacho kinaitwa Mount Gelai, mlima ulio kwetu, karibu na Ziwa Natron. Ukitaka kuanza, mwanangu, tuanze kwa kwenda kukitazama. Nauli ya basi nitalipa mimi.

Baba Mkubwa Rashidi, saa 3:20 usiku
*(Ujumbe wa sauti, dakika 4:06)*
Hii hapa sauti ya Beasdale. Msisikilize huku mnatazama tamthilia.

Shangazi Tatu, saa 3:27 usiku
Nimeisikiliza yote. Nakiri kwamba nimesikia mvua na mtu anayekohoa.

Baba Mkubwa Rashidi, saa 3:28 usiku
Anayekohoa ni mimi.

Salma, saa 3:41 usiku
Shikamooni nyote. Nipo Ilala kwa Bibi, naye amenitaka niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisipunguze. Nimemwekea sauti hiyo sikioni mara mbili, hakusema kitu. Mara ya tatu amenishika mkono, akasema: "Hapo. Hapo magurudumu yamezunguka bure." Mimi sikusikia tofauti yoyote hadi aliponirudishia mahali penyewe: pumzi zinakwenda moja moja, kisha ghafla zinamiminika kwa haraka kama kokoto kwenye debe, kisha kimya kifupi, kisha zinaanza tena taratibu. Baba Mkubwa, ni kweli?

Baba Mkubwa Rashidi, saa 3:43 usiku
Ni kweli kabisa. Reli zililowa, magurudumu yakateleza. Sikumwambia mtu yeyote humu. Mama amejuaje?

Salma, saa 3:52 usiku
Bibi anasema kwamba miaka ile ya nyumba za reli Tabora alikuwa akilisikia garimoshi la Babu kabla halijaonekana, na kwa pumzi zake alijua kama lina mabehewa mengi au machache, na kama Babu atakuja na njaa au atakuja na hasira. Maji ya ugali aliyainjika kwa kufuata sauti hiyo, si kwa saa. Anauliza pia, na amesisitiza nisisahau: yule dereva wenu alifunga mvuke kwanza ndipo akamwaga mchanga relini, au alimwaga mchanga kwanza? Anasema Babu alikuwa akigombana na madereva wake kwa jambo hilo hadi mezani.

Baba Mkubwa Rashidi, saa 3:55 usiku
Mwambie Mama sikuona. Nilikuwa na makaa jichoni.

Salma, saa 3:58 usiku
Amecheka sana. Anasema hata Babu alikuwa na kisingizio hichohicho. Ijumaa baada ya swala uje na spika ile kubwa ya harusi, kwa maana kwenye simu hii, anasema, garimoshi lenu linalia kama cherehani.