Bach, rangi na katuni: nani amfuate nani?

FidlaMoshi

Habari zenu wadau. Nafundisha watoto fidla hapa Moshi, Soweto, na kanisani napiga pamoja na kikundi cha tarumbeta. Tunataka kutengeneza katuni ya dakika nne hivi juu ya muziki wa Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani: kantata (utungo wa kuimbwa pamoja na ala) namba 140, ile inayotokana na wanawali kumi wa kwenye Injili na taa zao. Wimbo wenyewe ni wa Philipp Nicolai, wa mwaka 1599. Bach akaujengea kantata mwaka 1731 akiwa Leipzig, na ni wamisionari wa Leipzig hao hao waliokuja kuhubiri huku Kilimanjaro mwaka 1893. Kwangu muziki huu si wa mbali hata kidogo.

Kipande ninachokitaka ni cha nne. Fidla na viola zote zinapiga melodia moja, inakwenda kwa madaha kama maharusi wanaoingia ukumbini. Ukishaizoea, watenori, wanaume wa sauti ya juu, wanaingia na wimbo wa kanisani kwa nota ndefu, na fidla zinaendelea na safari yao kana kwamba hazijasikia mtu. Nyimbo mbili, kila mmoja na lake, na bado zinakubaliana. Mara ya kwanza wanafunzi wangu walipousikia mstari wa tenori umepigwa na tromboni juu yao, nusu yao waliacha kupiga wakageuka kutazama. Hilo ndilo nataka mtazamaji alipate kwa macho.

Mchoraji wetu yuko Arusha, ana kibanda karibu na Mnara wa Saa, anachora Tingatinga. Kijana wa animesheni anakaa Njiro. Tumekaa wote watatu, tukakwama. Kijana anataka rekodi iliyokamilika ndipo aanze. Mchoraji anasema akipewa muziki uliokamilika anakuwa amepewa oda tu, sawa na wale wanaomwagiza twiga wawili na mlima nyuma. Mimi nataka watoto wapige mubashara mbele ya picha. Nani atangulie?

FremuSakina

Dada, huyo kijana ana haki katika jambo moja: mwendo. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Mkitumia fremu 24 kwa sekunde, mwendo wa mapigo 72 kwa dakika unakupa fremu 20 kamili kwa kila pigo. Ukienda 70 unapata 20 na mabaki, na mabaki yanajilimbikiza. Ikifika dakika ya pili mguu wa mwanamwali unakanyaga chini wakati besi imeshapita. Kwa hiyo chagueni 72, au 80 (fremu 18), au 60 (fremu 24), muufunge huo. Picha moja ikikaa fremu mbili, kila pigo la mwendo wa 72 linahitaji picha 10. Dakika nne ni picha 2,880.

Usimpe rekodi ya mwisho. Mpe ya kuongozea: kinanda na metronomu (kile kidude kinachogonga mapigo), imerekodiwa hata kwa simu. Halafu mkae wote watatu na karatasi ndefu, kila kipimo cha muziki (kifungu cha mapigo machache) na mstari wake: kinaanza fremu ya ngapi, fidla ziko wapi, tromboni zinaingia lini, nani yuko kwenye picha. Karatasi hiyo ndiyo iwe bosi wenu. Kila mmoja awe na nakala na kalamu, na kila mmoja aruhusiwe kufuta cha mwenzake.

RangiKaloleni

Nazungumza kama mchoraji. Mwenzangu amesema kweli kuhusu oda, msimpuuze.

Tuanze na rangi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia rangi zile za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Rangi hii haina haraka. Unapaka usuli, unasubiri ukauke, unaweka mnyama, unasubiri, ndipo madoa. Ukimwambia mtu achore hivyo picha 2,880 atakukimbia, na atakuwa sahihi. Achore usuli mmoja mrefu unaosogea polepole. Wanawali awachore kwenye karatasi ngumu kisha awakate: kichwa, kiwiliwili, mkono wenye taa, miguu. Wasogezwe kidogo kidogo chini ya kamera. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitengeneza filamu ndefu nzima kwa njia hiyo mwaka 1926, kwa vivuli vya karatasi nyeusi, na mwaka 1935 akafanya fupi juu ya muziki wa Mozart. Hakuwa na kompyuta.

Mng'ao wa rangi utawasumbua kwenye kamera. Taa mbili, moja kila upande, zipige kwa mshazari na siyo kutoka juu. Fungeni mapazia kabisa, maana wingu likipita dirishani picha zinapepesa mkizichezesha. Simu ifungwe mwanga na fokasi isijirekebishe yenyewe.

Sasa kuhusu oda. Maneno ya hicho kipande cha nne yanasema Sayuni anawasikia walinzi wakiimba, moyo wake unaruka kwa furaha. Wale wanawali watano walioishiwa mafuta hawatajwi humo. Hapo ndipo pa mchoraji! Aamue yeye: wapo kwenye picha au hawapo? Wakiwapo, taa zao zinazimika kwenye nota gani? Akishaamua, wewe dada ndiye umfuate, watoto wapige kwa upole pale anapozima taa. Mchoraji akiona muziki umepinda kwa ajili yake, malalamiko ya oda yataisha.

FidlaMoshi

Kaka wa Kaloleni, asante sana. Hilo la wanawali watano nimempigia simu mchoraji papo hapo, na amesema wapo, wote watano, tena wanatembea na fidla huku wenye mafuta wakienda na tromboni. Sijawahi kufikiria hivyo! Fidla zinajisikiliza zenyewe, mlinzi, yaani tromboni, anaimba juu, wao hawajui.

FremuSakina, 72 inatufaa, watoto wanaimudu. Ila mchoraji anataka nafasi zaidi mwanzoni kabla mlinzi hajaingia. Siwezi kumwongezea Bach mapigo, lakini utangulizi wa fidla naweza kuurudia wote kabla ya tromboni. Naona hiyo ni halali.

Limebaki la mubashara. Watoto hawapigi kama metronomu, na sitaki wapige hivyo.

MzeeTromboni

Mwanangu, msiwavalishe watoto vidude vya masikioni vya kusikilizia metronomu. Kateni katuni vipande, kila mstari wa wimbo wa tromboni uwe kipande chake, na mwisho wa kila kipande muweke mwendo mdogo unaojirudia: taa inayumba, nyasi zinatikisika. Mtu mmoja anayesoma nota akae kwenye kompyuta, tromboni ikivuta pumzi anabonyeza kipande kinachofuata. Picha inawasubiri watoto.

Tena msiogope picha na muziki kuachana kidogo. William Kentridge wa Johannesburg, anayechora kwa mkaa, anafuta na kuchora tena juu ya karatasi ileile, mwaka 2014 aliweka filamu zake nyuma ya mwimbaji na mpiga piano kwa nyimbo 24 za Schubert. Nyingi zilitokana na kazi zake za awali, hazikuchorwa kufuata maneno.

Na andikianeni mapema. Bach alifariki 1750, muziki wake ni wa wote. Michoro, animesheni na rekodi yenu ni mali zenu, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada yake. Kibanda chake kina watalii, watataka kununua picha za wanawali. Nani anauza, nani anagawiwa, liwe kwenye karatasi kabla ya rangi kufunguliwa.

FidlaMoshi

Shikamoo mzee. Mpiga kinanda wetu ndiye atabonyeza, anazijua nota zote. Makubaliano tutaandika Jumamosi nikienda Arusha. RangiKaloleni, viungo vya mikono mnafunga na nini? Kijana wa Njiro anasema gundi.

RangiKaloleni

Gundi hapana, mkono hautazunguka. Toboa kwa sindano, pitisha uzi wa kushonea viatu, fundo liwe nyuma. Mkono wenye taa mkate miwili au mitatu ya akiba, ndio unaochakaa kwanza.