Virusi vimetulia, figo zinalalamika: nibadilishe dawa? Naomba ushauri

Wenzangu, habari za jioni. Niko Likoni, natumia ARV (dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI) tangu 2012. Nilianza na zile za efavirenzi, zenye ndoto za ajabu (wakongwe mnazijua!), baadaye nikahamishiwa kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kila nikipimwa, virusi ni chini ya 50 kwa mililita ya damu. Kichupa changu nakijaza pamba vidonge visije vikagonga-gonga nikiwa kwenye feri, watu wakageuza shingo.

Sasa kipimo cha figo kimeonyesha kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja) imepanda. Daktari anasema dolutegraviri yenyewe huipandisha kidogo bila kudhuru figo, lakini tenofoviri yaweza kuziumiza kweli, kwa hivyo tuangalie kwa makini kabla ya kuamua. Akataja uwezekano wa kubaki na dawa mbili tu, dolutegraviri na lamivudini. Ila kwanza nipimwe homa ya ini aina ya B, kwa sababu tenofoviri huizuia hiyo pia. Ukiitoa kienyeji, ini linaweza kuwaka. Damu nimeshatoa, nasubiri majibu.

Sitaacha wala kubadilisha chochote mwenyewe. Lakini kuna aliyehamia dawa mbili virusi vikiwa vimetulia? Mlipimwa tena baada ya muda gani? Usingizi na uzito vipi? Mimi nimeshaongeza kilo 6, na mahamri ya asubuhi siwezi kuyasingizia yote.

Na nimuulize nini daktari Jumatatu, nisije nikatoka nimenyamaza kama kawaida yangu?