Ushauri: wanangu wanavuka bonde kwenda skuli, na masika ndiyo haya

Mama_Wawili: Assalaam alaykum jamani. Tupo Pemba, upande wa Wete. Wanangu (miaka 8 na 11) huvuka bonde la mpunga kwenda skuli, kuna kidaraja cha magogo ya minazi. Asubuhi maji yako chini, shwari. Mvua ikipiga mchana, wakirudi kidaraja hakionekani. Shemeji anasema maji ya magotini tu, eti nawadekeza. Kuzungukia barabarani ni mbali na nauli ya kila siku siiwezi. Nifanyeje?

Pondo: Waalaykum salaam dada. Magoti ya nani, yake au ya mtoto wa miaka 8? Tena kina si hoja, hoja mkondo. Maji ya kasi, hata sentimita 15, humwangusha mtu mzima. Yakifika 60 huchukua gari. Na kwenye tope hujui kama gogo bado lipo.

Mkaa_Ngambo: Kweli. Huku Unguja, Mwanakwerekwe ilipokuwa ikigeuka ziwa, waliozimikiwa gari katikati ni wale wale wa "njia hii naijua".

Bamvua: Bonde lenu linatokea mikokoni? Basi tazama mwezi. Mwandamo na mpevu, bahari hujaa mnamo saa kumi jioni, saa watoto wako njiani. Maji ya mvua yanakosa pa kutokea, bonde linafura hata kama mvua yenyewe ya kawaida.

Kijana_wa_Konde: Si wafunge tu kamba ng'ambo mpaka ng'ambo, watoto wajifunge kiunoni?

Bamvua: Kiunoni usithubutu! Mkondo ukimvuta, kamba ile ile inamzamisha. Kamba iwekeni na dumu tupu lililofungwa vizuri, la kumrushia aliyeanguka. Wala asiingie mtu kumfuata.

Ticha_Shamba: Mimi nasomesha. Usimwachie mtoto aamue kule bondeni: ana njaa, wenzake wanavuka, anaogopa kugombwa akichelewa. Amueni leo, nyumbani. Chongeni alama kwenye mnazi wa ukingoni kila upande. Maji yakiifikia havuki mtu, hata baba akiita kutoka ng'ambo. Halafu tafuta nyumba upande wa skuli ya kungojea, ikibidi walale, na mwalimu wao aijue. TMA, watu wa hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya mvua kubwa, wabaki nyumbani siku hiyo, mimi mwalimu nasema. Habari ya kidaraja mpelekee sheha, kiongozi wa serikali hapo kwenu, lakini usimngoje yeye.

Mama_Wawili: Shukran sana. Wifi yangu anakaa jirani na skuli, wala hakunijia akilini! Jioni hii nampigia. Na shemeji nitamsomea haya yote.

Pondo: Kisima chenu kiko wapi?

Mama_Wawili: Kule kule bondeni.

Pondo: Basi bonde likijaa, maji ya vyoo yanaingia humo. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, au kinga ya mvua nayo uyachemshe. Kipindupindu hakingoji mtu avuke.