Fangasi kwenye mkojo wa mzee, nimuanzishie dawa au tusubiri?

Binti Mzee: Habari wadau. Baba yangu ana sukari, alilazwa karudi na mpira wa mkojo. Juzi kapimwa wakakuta fangasi aina ya kandida. Hana homa wala haumwi kiuno, mkojo tu umechafuka una kama utando mweupe. Daktari kasema mpira utolewe kwanza halafu arudie kipimo, dawa hajaandika. Mimi roho haitulii kabisa, antibayotiki kapewa nyingi wodini na bado haya yametokea, si bora nimnunulie flukonazoli, dawa ya fangasi, aanze mapema?

Nesi wa Zamu: Pole dada. Hizo antibayotiki nazo zimechangia, zinaua bakteria ila fangasi haziwagusi, wanabaki wanajitanulia. Halafu ana sukari, halafu kuna mpira, na kandida ikishanata kwenye mpira inajijengea utando ambao dawa haipenyi vizuri. Ndo maana ukitolewa wengi wanapona bila kidonge. Asiye na dalili kwa kawaida hatibiwi, labda kinga iwe imeshuka sana, au kichanga aliyezaliwa na uzito mdogo mno, au mtu anayeenda kupasuliwa njia ya mkojo. Na mkojo wa kupima wasichukue kwenye mfuko!

Mfamasia: Usinunue kienyeji tafadhali. Flukonazoli inagongana na vidonge vya sukari kama glibenklamaidi, sukari inaweza kushuka mzee akazimia. Inagongana pia na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, atavuja damu. Ikihitajika kweli, ya kibofu huwa mg 200 kwa siku kwa wiki 2, ya figo 200 mpaka 400, na figo zikiwa dhaifu dozi inapunguzwa. Ila kwanza mkojo uoteshwe maabara ijulikane ni kandida ipi, maana glabrata mara nyingi ni sugu na krusei haisikii kabisa, hapo ni sindano za amfoterisini B ambazo zenyewe zinaweza kuumiza figo.

Binti Mzee: Nimewaelewa, sinunui. Sasa nitajuaje imepanda kwenye figo?

Nesi wa Zamu: Homa, kutetemeka, maumivu ubavuni, kutapika, kuchanganyikiwa. Mkojo ukikata ghafla ndo hatari zaidi, fangasi wanaweza kujikusanya bonge likaziba njia, hilo linaonekana kwa ultrasaundi na dawa peke yake haitoshi mpaka litolewe. Ukiona lolote hapo mpeleke saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.