Baba katuachia Krugerrand mbili na reale 11, hesabu ya sonara siielewi. Naomba ushauri

BintiKibokoni

Assalaam alaykum nduguzangu. Niko Mombasa, Mji wa Kale. Baba yetu alitangulia mbele ya haki mwezi wa Rajabu, Mungu amrehemu. Alikuwa baharia wa meli za mizigo tangu ujana wake. Baada ya arubaini tukafungua sanduku lake, na chini kabisa, ndani ya kopo la biskuti, tukakuta kipande cha kanzu kuukuu kimefungwa fundo. Ndani yake mna sarafu mbili za dhahabu na reale za fedha kumi na moja.

Zile za dhahabu upande mmoja zina kichwa cha mzee mwenye ndevu, upande wa pili kuna swala. Zimeandikwa KRUGERRAND na FYNGOUD 1 OZ FINE GOLD. Moja ni ya 1978, mwaka wenyewe umegawanywa, 19 huku kwa swala na 78 kule. Nyingine ni ya 1975, ila imechomelewa kipete juu kwa sababu marehemu mama alikuwa akiivaa kwenye mkufu siku za harusi. Rangi yake si njano kama bangili za Dubai, inaelekea wekundu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi mwanzo.

Jana nilikwenda na ile ya 1978 kwa sonara mmoja. Simtaji, sitaki kumharibia mtu riziki yake. Akaishika, akaigeuza, hakuiweka kwenye mizani, akasema: "Hii ni karati 22, si safi. Wakia ni gramu 31.1, nikitoa mchanganyiko inabaki 28 na nusu. Nitakulipa hiyo, na hapo nipunguze ya kuyeyusha." Kisha akataka kuikwangua ukingo kwa jiwe lake la kupimia. Nikaitia pochini nikatoka, lakini sikujua nimjibu nini.

Tumebaki watatu, mimi na kaka zangu wawili. Mmoja ataka tuuze wiki hii. Mwengine ataka ziyeyushwe zifanywe bangili za bintiye, ambaye arusi yake iko karibu. Mimi moyo wangu unasita. Hesabu ya sonara ni sawa? Nitajuaje kama ni dhahabu kweli? Na reale nazo zina thamani gani siku hizi?

FundiWaTola

Pole sana dadangu, Mungu amlaze mahali pema. Nimekaa karakana ya sonara miaka kumi na minne, na hilo la hesabu limeniuma kulisoma, kwa hiyo naanza nalo.

Hesabu uliyopewa si sahihi. Krugerrand ni karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, hapo hakukudanganya. Lakini wakia iliyoandikwa juu yake ni ya dhahabu safi iliyomo ndani, si uzito wa sarafu nzima. Sarafu nzima ni gramu 33.93. Humo gramu 31.1 ni dhahabu na gramu 2.8 hivi ni shaba. Hiyo shaba ndiyo inayoipa ule wekundu uliokutia wasiwasi, na ndiyo inayoifanya iwe ngumu isichubuke ovyo. Piga mwenyewe kwa simu: 33.93 mara 22, gawanya kwa 24. Inatoka 31.1. Yeye ameanza na 31.1, ambayo shaba imeshatolewa, kisha akaitoa shaba mara ya pili. Kwa sarafu moja unapoteza gramu 2.6. Kwa mbili ni gramu 5.2, karibu nusu tola (tola ya masonara ni gramu 11.7 hivi) ya dhahabu safi inabaki dukani kwake.

Sasa unaelewa kwa nini haikuwekwa kwenye mizani mbele yako. Mizani ingesoma 33.9 na wewe ungeuliza.

Usimruhusu mtu yeyote aikwangue. Jiwe na tindikali ni vya pete na bangili, ambazo kila moja ina mchanganyiko wake. Sarafu iliyotoka kiwandani ina vipimo vinavyojulikana dunia nzima, unaipima bila kuigusa ngozi. Ukishaichuna, mnunuzi anayefuata ana haki ya kuiita chakavu. Na tafadhali usiisugue kwa ndimu wala majivu wala dawa ya meno. Iache na vumbi lake.

Pima hivi nyumbani. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu za gramu. Weka bilauri ya maji juu yake, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini, isiguse chini wala ubavuni, na uzi uushike mkononi. Namba itakayosoma ni maji yaliyosukumwa na sarafu. Krugerrand ya kweli itasoma 1.9 na kitu. Pima na upana: iwe karibu milimita 32.7, na unene 2.8. Sarafu ya shaba nyeupe au ya risasi haiwezi kukubali vipimo vyote hivi kwa pamoja. Ikiwa na upana na unene sawa itakuwa nyepesi, na ikiwa na uzito sawa itakuwa nene. Sumaku nayo isiivute hata kidogo.

MzeeWaLikoni

Mwanangu, na mimi nilikula chumvi ya bahari miaka hiyo hiyo ya babako, huenda tulikutana gatini tusijuane.

Nikueleze kwa nini ni Krugerrand na si nyengine. Sarafu hiyo ilianza 1967 Afrika Kusini, na huyo mwenye ndevu ni Paul Kruger aliyekuwa rais wa Makaburu wa Transvaal. Haikuandikwa randi ngapi. Thamani yake ni bei ya dhahabu ya siku hiyo, basi. Miaka ya sabini, mtu akitaka wakia ya dhahabu mfukoni, ilikuwa ndiyo hiyo, kwani wenzake walikuwa hawajazaliwa. Kanada wametoa Maple Leaf yao 1979. China ikaleta Panda 1982. Marekani waliipiga marufuku Krugerrand isiingie kwao 1985 kwa ajili ya ubaguzi wa rangi, na mwaka uliofuata wakatoa Eagle yao wenyewe. Britannia ya Uingereza ni 1987, Philharmoniker ya Austria 1989. Kwa hiyo 1975 na 1978 za babako zakaa sawa kabisa na safari zake.

Sisi wengine sura ile ilikuwa ikituchoma roho, twajua watu weusi wa migodini walivyoishi. Lakini shilingi ya baharia ilikuwa yaliwa na kila bandari, na dhahabu ilikuwa haibadilishi neno. Babako aliwawekea nyinyi. Msiiuze kwa haraka ya wiki moja.

PwaniSharjah

Dada, mimi nipo Sharjah na hizi sarafu naziona madukani kila siku. Usiogope karati 22. Eagle ya Marekani nayo ni karati 22 na ina gramu 33.93 vilevile. Mosi-oa-Tunya ya Benki Kuu ya Zimbabwe iliyotoka Julai 2022 pia ni karati 22. Maple Leaf ni 9999, yaani sehemu 9999 kati ya elfu kumi ni dhahabu, na Britannia imekuwa 9999 tangu 2013. Kabla ya hapo ilikuwa karati 22 pia. Zote za wakia moja zina dhahabu safi ileile, gramu 31.1. Tofauti ni shaba au fedha iliyoongezwa juu, na hiyo hulipiwi wala hukatwi.

Bei usiulize dukani kwanza. London hutangaza bei ya wakia mara mbili kwa siku ya kazi, na ile ya pili kwenu huko inaangukia saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili wakati wao ni baridi. Chukua bei hiyo kwa dola, igeuze shilingi, iandike kwenye karatasi, ndipo uingie dukani. Atakata faida yake, ni halali yake. Lakini akate kutoka kwenye wakia nzima.

BintiKibokoni

Mungu awalipe. Nimepima leo baada ya alasiri, kaka zangu wote wawili wakitazama. Ya 1978: gramu 33.92, upana 32.7, unene 2.8, na kwenye maji 1.94. Niliirudia mara tatu kwa sababu mkono ulikuwa ukitetemeka. Sumaku ya mlango wa jokofu haikuigusa.

Ya 1975 pamoja na kipete ni gramu 35.2. Je, nikitoe hicho kipete kwanza?

FundiWaTola

Hapana, usikitoe. Moto wa kuchomelea umeshaacha alama na ukikitoa utaongeza nyingine. Sarafu iliyovaliwa hivyo huuzwa kwa dhahabu yake tu, haipati nyongeza ya sarafu safi. Kipete kina karati zake, huenda 18 huenda 22, kwa hiyo kihesabiwe peke yake: gramu 1.3 hivi.

Hiyo ya 1978 vipimo vimekaa. Kabla ya kuuza, tafuta sonara mwenye mashine ya miali ya eksirei, haichubui kitu. Ila ujue inasoma ngozi ya juu tu. Kuna matapeli wanaofunika madini ya tungsteni kwa dhahabu maana uzito wake unakaribiana mno na wa dhahabu safi, ila karati 22 ni nyepesi zaidi, na hapo maji huwafichua. Ndiyo sababu mashine na maji huenda pamoja.

MaalimWaMajengo

Wa alaykumu s-salaam. Niongeze la mirathi, maana naona mwaongea kama mali imeshagawanywa. Kwanza madeni ya marehemu na wasia wake usiozidi theluthi. Kinachobaki, kwa kuwa mama alitangulia na mmebaki watoto tu, ni mafungu matano: kila ndugu wa kiume mawili, wewe moja. Atakayetaka kubaki na sarafu, ithaminiwe kwa bei ya siku hiyo, na kinachozidi fungu lake awape wenzake.

La pili ni la kaka anayetaka bangili. Kumpa sonara sarafu akurudishie bangili kwa kuongeza pesa ya ufundi kuna tatizo la riba, kwani dhahabu kwa dhahabu sharti uzito uwe sawa na mkono kwa mkono. Uza sarafu, pokea pesa, kisha nunua bangili kwa hizo pesa.

Zaka: nisabu ya dhahabu, kiwango ambacho zaka huanza kuwa wajibu, ni gramu 85. Hizi mbili ni gramu 62.2 za dhahabu safi, peke yake hazikufika, na kwa madhehebu yetu ya Shafii dhahabu haijumlishwi na fedha ili kutimiza nisabu. Lakini kila mmoja wenu aangalie dhahabu nyengine aliyo nayo.

RealeYaMwambao

Hakuna aliyejibu la reale na mimi ndizo ninazozipenda. Ni za Maria Theresa, malkia wa Austria, na zote zitakuwa zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki. Zimeendelea kupigwa na mwaka huo huo mpaka leo, kwa sababu wafanyabiashara wa Bara Arabu, Habeshi na mwambao wetu walikuwa hawapokei sura nyengine. Zilipigwa Vienna, na pia London, Roma, Bombay. Kwa hiyo 1780 isikufanye udhani una hazina ya makumbusho.

Kila moja ni gramu 28.07, na fedha safi humo ni 23.4. Kumi na moja ni gramu 257 za fedha. Tazama ukingo wake: kuna maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Za kughushi zilizomiminwa mara nyingi hapo ndipo zinapojikwaa, ukingo unakuwa laini au maneno yamelika. Ziweke juu ya ncha ya kidole uzigonge kidogo kwa nyingine. Fedha inalia ndefu na nyembamba, risasi inasema "tap" inanyamaza.

Ukiuza utapata pesa ndogo ukilinganisha na dhahabu. Mimi nisingeuza.

BintiKibokoni

Narudi na habari baada ya wiki tatu. Deni la baba lilikuwa moja dogo, tumelilipa.

Tulikwenda sonara mwengine, sote watatu, na karatasi ya bei ya jioni iliyotangulia. Aliipima ya 1978 mbele yetu, akaipitisha kwenye mashine, akaandika 31.1 kwa kalamu yake mwenyewe kabla hatujasema neno. Alikata asilimia 3 yake akatulipa siku hiyo hiyo.

Ya 1975 haikuyeyushwa. Kaka mkubwa ameichukua kwa bei iliyothaminiwa na akatulipa kilichozidi fungu lake, pale pale. Bintiye ataivaa vile vile ilivyo, kama bibi yake alivyoivaa. Alipoiona kwenye picha ya zamani ya mama, suala la bangili hakulitaja tena.

Reale kaka zangu wamenisamehe hisa zao. Nimezigonga zote kumi na moja. Kumi zimelia. Moja imesema "tap", na ukingo wake ni laini. Hiyo nayo nimeirudisha kwenye kopo pamoja na wenzake, babangu aliibeba.

Swali la mwisho kwa FundiWaTola: mkufu wa mama ulikatika zamani. Gramu 35 zataka mkufu wa unene gani ili usikatike bibi arusi akiwa kwenye kupamba?