Tupeane uzoefu: Holy Land ya Angra ilikufikiaje, na unaisikiaje leo?

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, salaam. Naomba tuzungumzie albamu moja tu: Holy Land ya kundi la Angra kutoka São Paulo, Brazili, iliyotoka mwaka 1996. Wapenzi wengi wa pawa metali yenye mkondo wa progresivu, yaani muziki wa roki mzito na wa kasi wenye midundo inayobadilikabadilika, huitaja kwa heshima kisha wakapita, ilhali mimi naamini hakuna albamu ya aina hii iliyo karibu zaidi na sikio la mtu wa pwani.

Mwenzangu wa chuo alininakilia kwenye sidii isiyo na jalada, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nilitegemea magitaa ya kasi tangu mwanzo, lakini nilichosikia ni kwaya ikiimba taratibu muziki wa Palestrina, mtunzi wa kanisa wa Italia wa karne ya 16, kabla ya wimbo wa Nothing to Say kuingia na mpigo unaokatika pale mguu unapotaka kutua. Nilirudisha nyuma mara tatu nikidhani sidii imekwaruzika, kumbe ndivyo walivyoutunga. Je, wenzangu mliipokeaje?

Mchangiaji kutoka Tanga

Mimi ni mpiga dumbaki katika kikundi cha taarabu, na muziki wa metali sikuwahi kuupenda, kwa sababu nilikuwa nikisikia ngoma zilizofunikwa na magitaa mpaka zikabaki kuwa kishindo tu. Kijana wangu ndiye aliyenivalisha spika za masikioni akanisikilizisha Carolina IV, wimbo wa zaidi ya dakika kumi, ambao unaanza kwa ngoma zenye asili ya Kiafrika na sauti zinazomsalimu kwa Kireno Iemanjá, mwenye bahari katika imani ambazo Wayoruba waliotekwa utumwani walifika nazo Brazili. Vidole vyangu vilianza kugonga meza kabla sijajua ninafanya nini. Nilitafuta mahali pa kuingilia kama ninavyofanya msondo ukishaanza na chapuo inasubiri nafasi yake, nikapapata, na papo hapo gitaa zikaingia kwa kasi, nikapapoteza.

Kilichonigusa ni kwamba ngoma zile hazikuwekwa kama pambo la utangulizi. Kasi ya metali ikishatanda, bado sikio linakumbuka mdundo wa mwanzo, na katikati ya wimbo, vinanda vinapotulia, mtu unahisi chombo kimefika kwenye maji mapana yasiyo na upepo. Tangu siku hiyo mimi na kijana wangu tuna jambo la kuzungumza jioni, na kwa hilo peke yake nawashukuru vijana wale wa São Paulo.

Mchangiaji kutoka Lindi

Nashukuru kwa mada hii, ndugu mleta mada. Nafundisha historia, na mimi niliingia kwa mlango wa hadithi yake, kwa kuwa albamu inazungumzia nchi ya Brazili katika zama za kufika kwa Wareno. Pedro Álvares Cabral aliondoka Lisbon Machi 1500 na merikebu 13, akaiona Brazili tarehe 22 Aprili, kisha akaendelea na safari ya India. Dhoruba ilizamisha merikebu nne karibu na Rasi ya Tumaini Jema, na waliosalia wakafika Kilwa mwezi Julai, ambako mazungumzo ya biashara hayakuzaa matunda, halafu Malindi, ambako walipokelewa vizuri. Kwa hiyo ninaposikia bahari katika albamu hii siwezi kuisikia kama bahari ya watu wengine. Msafara ule ule ulitia nanga kwetu miezi michache baadaye.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Naipenda zaidi albamu yao ya awali, Angels Cry ya 1993, kwa sababu pale kasi na melodia vinakwenda pamoja bila kupumzika. Holy Land inaanza kwa nguvu, lakini baada ya wimbo wa The Shaman inapungua mwendo, na ule wa Make Believe nauona laini kupita kiasi.

Mchangiaji kutoka Muscat

Kwangu albamu hii ni sauti ya Andre Matos, mwimbaji wa Angra wa wakati huo. Alipofariki tarehe 8 Juni 2019, akiwa na umri wa miaka 47, nilikuwa zamu ya usiku, nikausikiliza wimbo wenyewe wa Holy Land, kinanda chake kikirukaruka kama maji ya kina kifupi. Alikuwa amesomea muziki darasani, na unamsikia akipanda juu bila kupiga kelele. Ndugu wa Nairobi, jaribu wimbo wa Deep Blue usiku, taa zikiwa zimezimwa, usikilize kinanda cha kanisa na kwaya.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Nimefanya hivyo jana usiku, ndugu yangu wa Muscat, umeme wenyewe ukiwa umekatika mtaani kwetu. Kuhusu Deep Blue nimekosea kwa miaka mingi, na nakiri hivyo mbele yenu: niliusikiliza mara mbili mfululizo, na kwaya ilipoingia nilijikuta nimesimama. Make Believe bado sijaukubali.